Pindo la Inchi Ishirini na Sita

"Na huko mnakohamia, mvua ikinyesha maji yanakwenda wapi?"

Aliyeuliza alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mama mmoja muuza ndoo, na aliuliza huku akimsaidia Bi Pindo kuifunga cherehani kwa blanketi isije ikachubuka njiani. Bi Pindo alifungua kinywa kujibu, akakifunga. Juu ya mji ule mpya alikuwa ameuliza kila kitu: shule ya mjukuu iko umbali gani, sokoni wanafungua saa ngapi, mahali pa ibada panafikika kwa miguu au mpaka upande gari, na vitambaa vya sare vinanunuliwa kwa nani. Maji ya mvua hayakumpitia akilini hata kidogo. Mjini kwao maji hayakuwa na neno. Tabu ya kwao ilikuwa upepo.

Upepo ule ulikuwa na mwezi wake, kama mgeni anayeijua njia. Ukifika, mabati yanaruka kama karatasi, na mtu anatoka nje kufagia anakuta paa la jirani limelala juu ya mchicha wake. Ndiyo maana watu wa mji ule, mkubwa kwa mdogo, walikuwa na tabia moja: wakiingia nyumba ya mtu, kabla ya kukaa wanatazama juu. Wanahesabu misumari. Wanauliza mbao za paa zimefungwa kwa waya gani. Hujapata kumsikia mmoja wao akisifia sakafu.

"Sijui yanakwenda wapi," Bi Pindo alikiri.

"Basi ukifika uliza. Mimi dada yangu alihamia mji wa mabonde, akaniandikia barua kwamba amepata nyumba nzuri ajabu. Barua ya pili aliiandika amekaa juu ya meza."

Walicheka mpaka kamba ikawaponyoka, cherehani nusura iende chini.

Pindo halikuwa jina alilopewa na wazazi. Alipewa na wateja wake, kwa kuwa katika miaka thelathini ya kushona hakuwahi kuiachia nguo itoke mlangoni kwake na pindo lililopanda upande mmoja. Angeifumua hata kama mwenyewe amesimama anaingoja. Mumewe alipofariki alibaki na binti mmoja, muuguzi, na binti huyo ndiye aliyehamishwa kikazi kwenda mji ule mpya. Mkwe alikuwa fundi wa majokofu, na majokofu yanaharibika kila mahali, kwa hiyo naye hakuwa na shida. Aliyekuwa na shida ni Bi Pindo. Fundi wa cherehani akihama anawaacha wateja wake wote nyuma, na wateja hawafungwi kwa blanketi.

Hospitali iliwaazima chumba kimoja kwa wiki mbili, wakae humo wakitafuta nyumba. Binti alianza zamu kesho yake. Asubuhi ya kwanza, akiwa anafunga kamba za viatu, alimwambia mama yake:

"Mama, nakuomba kitu kimoja. Hii ya nyumba mwachie baba watoto. Ukianza kupima pima tutamaliza mwaka humu ndani. Wewe utachagua mapazia."

"Nitaufunga mdomo wangu," Bi Pindo akasema.

"Mdomo wako sina wasiwasi nao. Wasiwasi wangu ni hiyo futikamba."

Bi Pindo akajishika shingoni. Futikamba ilikuwa pale, imening'inia kama siku zote, inchi zake za mwanzo zimefutika kwa kushikwashikwa.

Dalali waliyempata walimwita Bwana Funguo, kwa sababu alitembea na funguo nyingi kiasi kwamba ulimsikia kabla hujamwona. Alikuwa mtu wa maneno matamu na suruali ya rangi ya maziwa, iliyopigwa pasi ikasimama kama wembe. Bi Pindo aliiona mara moja kwamba mguu wa kushoto umezidi kupanda kwa nusu inchi. Alimeza mate, akanyamaza. Alikuwa ameahidi.

Nyumba mbili za kwanza mkwe alizikataa bila kuvuka sebule. Alitazama juu, akatikisa kichwa, akatoka. Bwana Funguo hakuelewa kitu.

"Ndugu yangu, hii ina vigae vya Kiitaliano."

"Vigae viko chini," mkwe akamjibu. "Mimi natazama paa."

Nyumba ya tatu ilikuwa bondeni, pale barabara inapoteremka, inajipinda, halafu inatulia. Vilima viwili vilikuwa vimeikumbatia kushoto na kulia. Mkwe alilamba kidole, akakiinua, akangoja. Ng'ambo ya njia kulikuwa na nguo zimeanikwa, hazikutikisika hata moja.

"Mama," akasema taratibu, kama mtu aliyeokota kitu cha thamani na anaogopa mwenyewe atatokea, "hapa upepo hapajui."

"Upepo?" Bwana Funguo akadakia. "Hapa upepo tunausikia redioni tu."

Mkwe akaomba ngazi, akapanda darini na tochi yake. Wakasikia akigonga mbao moja moja na kujisemea.

Bi Pindo alibaki chumba cha mbele, na huko ndiko alikonaswa. Kilikuwa chumba chenye mlango wake wa barabarani na dirisha pana kama meza ya kukatia. Mwanga ulioingia kwa dirisha lile ulikuwa mwanga wa kutungia uzi bila miwani. Akaiona cherehani yake pale chini ya dirisha. Akawaona wapita njia wakipunguza mwendo, mmoja anaingia, anauliza, "Mama, unapunguza suruali?" Kwa miaka thelathini alishonea uani, nyuma ya jiko. Hajawahi kuwa na dirisha.

Lakini swali la muuza ndoo lilikuwa limembana kama pini iliyosahauliwa kwenye nguo. Akajiambia kuuliza si kuchagua.

"Baba, na maji je?" akasema.

Uso wa Bwana Funguo ukachanua. "Hapo mama umegusa penyewe. Maji ya mtaa huu hayana mfano. Kule juu watu wanayasubiri wiki nzima. Hapa yanakuja yenyewe."

"Yanakuja yenyewe?"

"Hata hujayaita."

"Yanaingia mpaka ndani?"

"Mpaka jikoni. Mpaka bafuni. Hata kile chumba kidogo cha nyuma, yanafika."

Bi Pindo akashika fremu ya dirisha. "Kwa nguvu?"

"Nguvu tele. Ingekuwapo ghorofa, nayo yangeipanda."

"Na wapangaji waliotangulia, walikuwa wanafanyaje?"

"Walikuwa wanafurahi, mama. Wanaoga asubuhi, wanaoga jioni, na watoto wanachezea."

Bi Pindo akamtazama kwa huruma, kama mtu aliyeumwa homa, mpaka alipomwona akinyoosha kidole kwenye bomba la jikoni.

"Ah," akasema. "Siulizi ya bomba, baba. Nauliza ya mvua."

Bwana Funguo akashusha kidole. Funguo zake zikalia kidogo, kisha zikanyamaza.

"Ya mvua yanapita."

"Yanapita wapi?"

"Yanapita tu. Maji si mtu, mama, hayakai. Na kama hii huipendi nina nyingine tatu hapa hapa bondeni, zote zina rangi mpya. Ila amueni mapema, kuna watu wanakuja kuitazama saa nane."

Rangi mpya. Bi Pindo akageuka, akautazama ukuta. Mwanga wa dirisha lile zuri ulikuwa unaupiga kwa ubavu, na kwa ubavu ndivyo fundi anavyotazama kitambaa. Akaona kitu anachokijua vizuri kuliko vyote duniani.

Ukishusha pindo la gauni la mtoto aliyerefuka, ule mkunjo wa zamani hautoki. Utaufua, utaupiga pasi, utaupaka siki, bado mstari unabaki, na mwenye macho atauona hata ng'ambo ya barabara. Ukuta huu ulikuwa umeshushwa pindo. Chini ya rangi mbichi mstari mwembamba ulitambaa kutoka pembe mpaka pembe, plasta imevimba kidogo chini yake na kulala juu yake.

Mkono ukaenda shingoni wenyewe. Pembeni: inchi ishirini na sita. Penye mlango: ishirini na sita. Akaenda chumba kidogo cha nyuma, Bwana Funguo nyuma yake akieleza habari za jirani wema. Ishirini na sita. Akafungua choo, akapima humo pia.

Mkwe alishuka darini na utando wa buibui kichwani na tabasamu la harusi. "Mama, paa hili hata lije dubwana gani haling'oki. Waya mara mbili kila boriti. Nasema tuichukue."

"Mimi sina neno," Bi Pindo akasema. "Nimeahidi. Nishikie tu hii." Akampa ncha ya futikamba. "Soma hapo."

"Ishirini na sita."

"Na hapo?"

"Ishirini na sita."

"Njoo chooni."

Mkwe alisoma chooni, akarudi akaangalia ukuta wa sebule kwa muda. "Paa lilikuwa linavuja zamani?"

"Paa likivuja, alama inateremka kama machozi, kila moja na njia yake. Hii imelala. Tangu lini ukaona kitu kinachovuja kikalala sawasawa nyumba nzima?"

"Hiyo ni alama ya kabati," Bwana Funguo akasema.

"Kabati la chooni?"

"Mpangaji yule alikuwa na vitu vingi sana, mama."

Mkwe alikuwa haangalii tena mstari. Alikuwa anaangalia soketi za umeme. Zote zilikuwa usawa wa kifua chake. Akaketi juu ya ngazi yake polepole.

"Mimi ni fundi wa majokofu," akasema. "Nimeingia humu nimeziona soketi ziko juu hivi, nikasema safi, watoto hawazifikii. Nikatazama juu zaidi."

"Sisi watu wa kule shingo zetu zimezoea," Bi Pindo akamwambia kwa upole.

Bwana Funguo akapangusa jasho. "Sikilizeni. Ilikuwa mara moja, mwaka juzi. Na hayakukaa. Siku mbili tu."

"Umeniambia maji si mtu," Bi Pindo akasema. "Kumbe yanalala."

Mkwe akacheka kwanza, bila kupenda, halafu akamgeukia mama mkwe wake na kicheko kikaisha. "Mama, na dirisha je? Nakuona unavyolitazama."

"Nimeliona," akasema. "Twende."

Angeweza kuondoka hapo hapo. Nyumba si yake, dalali si wake, mji wenyewe ana siku nne. Lakini mlangoni walikuwa wamekwisha kufika wale wa saa nane, kijana na mkewe, mtoto wa miezi kadhaa begani, wanatabasamu kabla hawajaona chochote. Asubuhi ile Bi Pindo alikuwa amemwomba Mungu amwonyeshe nyumba. Sasa ameonyeshwa. Hakuona kama ni haki kulikunja lile jibu akalitia mkobani peke yake.

Akatoa chaki ya ufundi, ile ya buluu, akapiga mstari ukutani kufuata mkunjo, anapima, anasogea, anapima, kama anayeweka alama ya gauni la bibi harusi.

"Mama, unaandika nyumba ya watu," Bwana Funguo akanong'ona.

"Inafutika kwa mkono, baba."

"Mama, huu mstari ni wa nini?" mke wa kijana akauliza.

"Mkalishe mtoto chini, hapo ukutani. Umwangalie yeye, halafu uangalie chaki."

Mama yule akamkalisha mtoto, bado anatabasamu. Akatazama. Mstari ulikuwa juu ya kichwa cha mtoto, na kati yao nafasi ya kutosha kichwa cha mtoto mwingine. Akamwinua haraka kama aliyemwokota motoni.

Nyumba waliyoichukua hatimaye ilikuwa juu kilimani, ngazi thelathini na tisa kutoka barabarani. Mkwe alizihesabu kwa sauti, na ya thelathini aliitaja kwa uchungu. Paa lake lilikuwa linalia likiguswa na upepo kidogo. Kwa siku mbili alishinda juu yake akifunga waya kama walivyofunga kwao, watoto wa mtaa wamekusanyika chini wakimuuliza anamfunga nani. Bi Pindo naye alizunguka nyuma ya nyumba. Alikuwa amejifunza kwamba kila mahali pana swali lake, na juu ya mlima swali haliwezi kuwa lile lile. Akamkuta mama mfuga kuku wa nyumba ya pili.

"Dada, hapa pana nini cha kuogopa?"

"Udongo," yule akamjibu bila kufikiri. "Kule ng'ambo walikata miti yote, kilima kikateremka na choo cha mtu. Huku kwetu tumekataza shoka. Ona hiyo mizizi ilivyokishona. Na ule ukuta wa mawe, matundu yake yazibue kila mwezi, maji yapate kutoka."

Mlima ulioshonwa. Bi Pindo akaridhika, akaenda kuchokonoa matundu siku hiyo hiyo.

Binti aliporudi zamu alikaa ngazi ya mwisho, akavua viatu. "Sawa, ni salama. Lakini mama, nani atapanda ngazi thelathini na tisa kuja kukunjiwa suruali?"

Bi Pindo aliiweka cherehani chumba cha nyuma, penye kidirisha cha ukubwa wa sahani, na miwani haikumtoka puani. Katika miezi miwili alipata wateja watano, na mmoja alikuwa amepotea njia. Usiombe. Fundi asiye na kazi anafumua hata mapazia yake mwenyewe. Kuna siku alilikumbuka lile dirisha pana akaomba msamaha kwa Mungu kwa kulitamani, kisha akaendelea kulitamani.

Halafu mvua zikaja. Zilinyesha siku tatu bila kupumua. Siku ya tatu saa nne asubuhi mkwe alimwita barazani, wakasimama pamoja kutazama chini. Bonde halikuwapo. Palikuwa na kitu kikubwa cha rangi ya chai ya maziwa, na barabara ilikuwa inaingia humo na haitoki.

Pale kwenye nyumba ya dirisha pana, kochi jekundu lilikuwa linatoka mlangoni polepole, lenyewe, kama mgeni aliyeshiba. Nyuma yake alionekana Bwana Funguo amelishika mguu. Alikuwa amekosa mpangaji, kwani ile chaki aliifuta lakini habari yake haikufutika, ndipo akaigeuza nyumba kuwa ofisi yake. Mkwe akachukua kamba, akashuka ngazi zote thelathini na tisa. Jioni walirudi salama, yeye na majirani, wamewatoa watu wa bondeni wote, na kochi pia.

Ndipo mambo yalipogeuka. Mama wa yule mtoto, aliyekuwa amepanga nyuma ya soko, hakuwa mtu wa kukaa na neno. Kila alipokwenda kununua nyanya alilisimulia upya, na mstari ukawa unapanda inchi moja kila wiki. Watu wakaanza kukwea. Walifika juu wanatweta, wameshika kiuno, wanauliza, "Hapa ndipo kwa fundi aliyepima ukuta?" Wakishafika, hawawezi kuwa wamepanda bure, wanavua koti lilegezwe, wanatoa sare ya mtoto iongezwe. Wengine waliomba aende nao kutazama nyumba. Alikwenda. Binti akasema kitu kimoja tu: "Futikamba naiomba radhi." Na mkwe akabomoa ukuta wa chumba cha nyuma, akapanua kile kidirisha. Hakikufika upana wa lile la bondeni, ila miwani ilianza kupumzika mchana.

Asubuhi moja zikasikika funguo. Zilipanda ngazi zikisimama kila baada ya hatua kumi. Bwana Funguo akaingia na mfuko wa plastiki, akaitoa siri yake mezani: ile suruali ya rangi ya maziwa, na matope yameikata mapajani kwa mstari ulionyooka.

"Nimefua mara nne, mama. Haitoki. Nimesema uikate hapo juu ya mstari iwe kaptura."

Bi Pindo aliitandaza, akailaza mguu juu ya mguu. Hakucheka, ingawa kule barazani mkwe alikuwa amekwisha kuziba mdomo. Akashusha futikamba shingoni, akapima kutoka pindoni mpaka kwenye alama.

"Ishirini na tano," akasema. "Na inchi moja ya kisigino."

Bwana Funguo akaitazama ile namba. Hakuhitaji kuambiwa jumla yake.

"Mguu huu wa kushoto nitausawazisha," Bi Pindo akaendelea. "Umepanda nusu inchi tangu siku ile. Kunyamaza kulinipa shida sana."

"Asante, mama."

Akashona kidogo, akakata uzi kwa meno. "Baba, zile nyumba zako nyingine tatu za bondeni. Zina watu?"

"Hazina. Walihama wote." Akazichezea funguo. "Moja wanakuja kuitazama leo saa nane. Watu wageni, wana watoto wawili. Rangi imekauka jana."

Cherehani ikanyamaza. Bi Pindo aliinuka. Aliitoa ile chaki ya buluu kwenye kikopo cha vifungo, akaiweka mezani, katikati yao.

Bwana Funguo aliitazama, akautazama na ule mstari wa matope kwenye suruali. Kisha akaiokota, akaitia mfuko wa shati, akaikumbuka futikamba, akanyoosha mkono aombe, nayo akapewa. Suruali akaiacha pale pale mezani, akashuka ngazi kuiwahi ile saa nane.